Mzaha wa Katesh

Mwanaamina alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, na sababu ya kukunja uso ilikuwa imesimama uani kwa miguu minne, imevaa nguo ya watu.

Binti yake Shumbana, aliyekuwa na miaka sita na mikono isiyojua kutulia, alikuwa amechukua kitambaa cha maua kilichowekwa juu ya cherehani, akakitoboa matundu kwa mkasi wa baba yake, akamvika mbuzi mchanga ili asisikie baridi. Baridi ilikuwepo kweli. Ukungu ulikuwa umeilalia Dongobesh tangu alfajiri, na mabati ya maduka machache ya pale yalikuwa yakidondosha maji kama yamenyeshewa. Lakini kitambaa kile kilikuwa cha Mama Imakulata wa Tlawi, na mwenyewe angefika keshokutwa, siku ya mnada, kuchukua gauni lake.

Zubery, mumewe, ndiye aliyekuwa fundi na mwenye duka. Alitoka nje, akamzunguka yule mbuzi polepole, akashika kidevu.

"Kiuno umekibana mno," akamwambia mtoto. "Mbuzi jike hupenda nguo ya kumwaga."

Shumbana akacheka mpaka akakaa chini. Mwanaamina hakucheka. Alimwambia mumewe kwamba mtoto ameharibu mali ya mteja, na kwamba wote wawili, yeye na mtoto, wanangoja neno la baba.

"Neno nimeshasema. Nimesema kiuno."

"Baba Shumbana."

"Naam, mama."

"Siku moja tu katika maisha yako, mkatalie mtoto huyu kitu. Nimechoka kuwa kwinini katika nyumba hii, wewe ukiwa sukari."

Zubery akajibu kwamba kwinini ndiyo inayoponya watu, sukari inaozesha meno tu, kwa hiyo yeye ndiye wa kulalamika. Halafu akasema tabia ile ya mtoto haikutoka kwa ukoo wake wa Katesh. Ilitoka Mbulu mjini, kwa msichana mmoja aliyekata pazia la shangazi yake akajishonea sketi ya Idi.

"Unamkumbuka msichana huyo?" aliuliza. "Alikuwa na vishimo mashavuni. Sijui siku hizi kavificha wapi."

Mwanaamina aligeuka haraka, kwa sababu vishimo vilikuwa vinakuja. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko kitambaa. Alikuwa ametoka jikoni na hasira yake nzima, hasira ya haki, na sasa alikuwa anarudi nayo nusu.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Walikutana Mbulu, kwenye harusi ya binamu yake Mwanaamina, Zubery akiwa kijana mwembamba aliyekuja kuuza vitambaa. Wanawake waliokuwa wakipika walimwita awafungulie mzigo wake, naye akawafungulia na mdomo pia. Aliwasimulia jinsi alivyolelewa Kondoa na bibi yake mzaa baba, na jinsi siku moja alivyomwona mgeni akija na njia. Akamtandikia mkeka, akampa shikamoo, akamletea maji ya kunywa, akamwuliza kwa adabu kabisa, "Mama, umetokea wapi, na watoto umewaacha na nani?" Kumbe mgeni huyo alikuwa mama yake mwenyewe. Jiko zima lilivunjika mbavu. Mwanaamina alicheka mpaka akaegemea ukuta, na pale ukutani akajua ataolewa na nani.

Siku zile hakujua kwamba mtu anaweza kuchoka kucheka. Ukimwuliza Zubery juu ya bati linalovuja, anakuchekesha. Ukimwuliza juu ya kikohozi cha mtoto, anakuchekesha. Unakwenda na swali lako, unarudi umecheka, na swali bado unalo mkononi.

Jua lilikuwa limeanza kuupasua ukungu lori la Katesh lilipofika na magunia ya chumvi. Dereva wake, Yahaya, alikuwa mtu wa kuleta salamu kabla ya mizigo. Alimwambia Mwanaamina kwamba mama mkwe wake, Bi Mwamvita, hajambo, goti tu linamsumbua wakati wa baridi, na kwamba siku ya mnada atapanda naye kuja Dongobesh na kurudi jioni ileile.

"Amesema mzigo wa mtoto uwe tayari," akaongeza, "maana lori halitakaa."

"Mzigo wa mtoto gani?"

Yahaya akaanza kulitazama tairi kana kwamba limetoa sauti. "Si Shumbana? Bi Mwamvita anasema amepewa, anakwenda kumlea. Katesh wote tunajua, dada. Hata kitanda kidogo ameshachongesha."

Mwanaamina alimtilia Yahaya chai, akamwangalia akiinywa mpaka mwisho, akapokea kikombe, akakiosha. Lori lilipoondoka alimtuma Shumbana akachume mboga nyuma ya nyumba, akaingia dukani, akafunga mlango wa uani.

"Umemtoa mwanangu?"

Mguu wa Zubery ulisimama juu ya kikanyagio cha cherehani. Midomo yake ilianza kufunguka upande mmoja, namna ile aliyoijua mkewe.

"Usianze," alisema Mwanaamina. "Nijibu."

Basi akamjibu, kwa kujikongoja. Alipokwenda Katesh wakati wa Idi, mama yake alilalamika kwamba tangu baba afariki nyumba imekuwa kimya, hata panya wamehama. Akamkumbusha kwamba kwa mila ya ukoo wao mtoto wa kwanza hulelewa na bibi mzaa baba. Zubery akamwambia, mbele ya majirani, "Mchukue, mama. Na mama yake mchukue, na mimi nipate usingizi." Watu wakacheka. Ilikuwa mzaha, alisema. Mzaha wa Idi, watu wameshiba.

"Na mama yako alicheka?"

Zubery aliinama kuokota kipande cha uzi.

"Nakuuliza, mama yako alicheka?"

"Hapana."

"Uliona kwamba hakucheka."

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Nikapanda lori," alisema Zubery.

Mwanaamina alijishika kwenye meza ya duka. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele haikutoka. Kilichotoka ni sauti ndogo, kavu, ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Alimwambia kwamba amevumilia mengi. Amevumilia wateja kumwona yeye ndiye mkali na bwana ndiye mwema. Amevumilia mtoto kumkimbilia baba kila akifokewa. Alidhani hayo ndiyo malipo ya kuolewa na mtu mcheshi. Hakujua kwamba mtoto naye anaweza kutolewa kwa kicheko, kama mtu anayegawa karanga.

Zubery akajitetea. Mama yake si mtu mbaya. Katesh si mbali, ni safari ya saa chache barabara ikiwa kavu. Na kulelewa na bibi hakuui mtu. Yeye mwenyewe si huyu hapa? Kondoa alikula asali mpaka akavimba. Alichunga punda aliyekuwa akijifanya kiziwi. Na siku ile alipokuja yule mgeni...

"Isimulie," alisema Mwanaamina.

"Nini?"

"Ile ya mgeni. Isimulie sasa hivi, nikikutazama. Lakini usinichekeshe. Sema tu ilivyokuwa."

Zubery alimwangalia, akaangalia mlango, akaona mlango umefungwa. Akaanza kwa sauti yake ya siku zote, "Nilikuwa uani natwanga," akakwama. Akaanza tena.

"Nilikuwa uani. Nikamwona mwanamke anakuja, amejitwika mzigo. Nikadhani mgeni wa bibi. Nikatandika mkeka." Akauzungusha ule uzi kidoleni. "Nikampa shikamoo. Hakuitikia, alikuwa ananitazama tu. Nikaona labda ana kiu. Nikaenda kumletea maji."

Nje, Shumbana alikuwa akimwambia mbuzi kitu.

"Alikuwa mama yangu, Amina. Nilikuwa nimeshausahau uso wake."

Ndipo akamwambia yale ambayo hayakuwahi kusimuliwa kwenye harusi yoyote. Alipelekwa Kondoa akiwa na umri wa Shumbana. Mwanzoni alikuwa akilia jioni, kuku wakiingia bandani, na watoto wa pale walikuwa wakimzunguka na kumcheka. Halafu akagundua kwamba akiwahi yeye kuwachekesha, hawamcheki. Wakimpenda, wanampisha karibu na moto. Bibi hakumtesa. Hakuna aliyemtesa. Ila mama yake alipokuja baada ya misimu kupita, kwa ajili ya msiba, alimkuta mtoto hodari wa kupokea wageni.

Mwanaamina alitamani kumshika mkono. Hakumshika. Hasira yake ilikuwa bado imesimama pale pale, ila sasa huruma ilikuwa imekuja kukaa kando yake.

"Na mimi nilicheka," alisema. "Jikoni kwa mjomba. Nilicheka kuliko wote."

"Ndiyo maana nilikuoa," alijibu Zubery, na safari hii hakuwa anatania.

"Keshokutwa mama yako akija, mimi sitafungua mdomo. Nikisema mimi, nitakuwa mkwe aliyemnyima bibi mjukuu wake, na jina hilo nitazikwa nalo. Utasema wewe. Na utasema kwa maneno ya mtu mzima."

Kesho yake ilikuwa siku ndefu. Asubuhi Zubery alishauri waseme mtoto ana homa. Mkewe akamwuliza homa hiyo itadumu mpaka aolewe? Mchana alishauri mtoto aende mpaka mavuno tu, halafu wataona. Mwanaamina akamwambia kwamba hata yeye alipelekwa Kondoa mpaka mavuno tu. Je, yalikuwa mavuno ya mwaka gani? Zubery hakujua kama mkewe amesikia hilo kwa mtu au amelibahatisha. Alishona gauni jipya la Mama Imakulata kimya kimya, kwa kitambaa kingine cha maua kilichofanana na kile, akilifumua kola na kulirudia. Mwanaamina, aliyekuwa ameomba kimya hicho kwa miaka, alikuta hakimpi raha hata kidogo.

Siku ya mnada Bi Mwamvita alishuka kwenye lori akiwa amevaa khanga mpya, goti lake limefungwa kitambaa. Mwanaamina alimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa marahaba. Shumbana alimrukia bibi yake mpaka akayumba. Bibi akamfunulia zawadi, khanga ndogo ya kitoto, akamfunga kifuani, akamwambia kwamba Katesh kuna ndama aliyezaliwa juzi na hana jina. Halafu akaketi kwenye benchi la barazani, akaiangalia sakafu ya duka, akaangalia nyuma ya mlango. Alikuwa anatafuta mzigo.

Chai ilipoletwa, hakuigusa. Shumbana alitumwa akamwonyeshe jirani yule mbuzi wake.

"Mama," alianza Zubery, "huyu mtoto ukimchukua, mbuzi wote wa Katesh watavaa magauni, na waume zao..."

Bi Mwamvita alitabasamu kidogo. Mwanaamina alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Alimtazama mumewe tu, na Zubery akauona mtazamo huo, akaliacha neno lake katikati. Akatoka nyuma ya meza, akaenda kuchuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, Shumbana haendi."

"Ulisema mwenyewe."

"Nilitania."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Nilikosa, mama, naomba unisamehe. Nilipaswa kukwambia palepale, nikaogopa. Lakini haendi."

Bi Mwamvita alikunja mikono yake juu ya goti lile bovu. Aliponena, hakumwangalia mwanawe. Aliangalia barabara, ambako watu wa mnada walikuwa wakipita na ng'ombe wao.

"Bibi yako alipokutaka wewe, mimi niliulizwa na nani? Niliambiwa funga mzigo, nikafunga. Nikaja nikamkuta mwanangu ananiita mgeni. Sikumlaumu mtu. Nikajiambia, ndiyo desturi, leo unatoa, kesho utapewa. Nimengoja hiyo kesho tangu ukiwa mtoto mpaka umeota ndevu. Sasa imefika, nawe unaniambia ulikuwa unatania."

Sinia lilimlemea Mwanaamina mikononi. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa amemwona mama huyu kama mtu wa kudai, mwenye mkono uliofunguka siku zote. Hakuwahi kufikiri kwamba mkono huo ulifunguka siku alipolazimishwa kuachia.

"Mama," alisema Zubery, na sauti yake ilikuwa chini sana, "uliyemtoa ni mimi. Shumbana hawezi kuwa mimi. Ukimchukua utamlea vizuri, hilo silikatai. Lakini siku moja mama yake atakuja kumtembelea, na mtoto atamtandikia mkeka."

Bi Mwamvita aliendelea kutazama barabara. Ng'ombe wa kundi zima walipita, wakaisha, vumbi lao likaisha.

"Nilikunywa yale maji," alisema hatimaye. "Ulikuwa umesimama unangoja kikombe, kama ulivyofundishwa. Watu wanacheka. Nikayanywa yote, nikakurudishia kikombe, nikasema ahsante." Akaivuta khanga yake mabegani. "Umesimulia hadithi hiyo kila mahali, Zubery. Hata kwangu, siku ya Idi, umewasimulia majirani zangu."

Zubery aliinamisha kichwa. Mwanaamina alimwona akiweka paji la uso juu ya goti lile lililofungwa, mtu mzima na ndevu zake, na mkono wa mama yake ukabaki hewani kidogo kabla ya kumshukia kichwani.

Hakuna aliyesema kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu hayakwisha. Bi Mwamvita alikataa wali. Alikataa kulala. Alichotaka, alisema, ni kitana. Akamwita Shumbana, akamkalisha kati ya miguu yake pale barazani, akaanza kumsuka. Alimsuka polepole, mistari myembamba, akifumua na kurudia pasipo sababu. Mnada ulipamba moto na ukapoa. Mama Imakulata alikuja akachukua gauni lake, akasifu kola, akaondoka bila kujua mbuzi wa Shumbana amevaa nini. Mara kwa mara Mwanaamina alitaka kutoka nje, aseme neno, lolote, na kila mara hakujua neno gani. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe haukuwa mtamu.

Yahaya alipiga honi. Bi Mwamvita akamaliza msuko wa mwisho, akampuliza mtoto shingoni kuondoa vinywele vilivyokatika, akainuka kwa shida. Zubery alikwenda kumshika mkono mpaka kwenye lori. Hapo ndipo Mwanaamina alipotoka mlangoni na kuwafuata.

"Mama," alisema. "Mvua zikikatika tutakuja Katesh. Wote. Tutafunga duka, tutakaa."

Bi Mwamvita, mguu mmoja ukiwa tayari juu, alimgeukia. Alimtazama mkwe wake kwa macho ya mtu anayepima kitambaa asichokiamini.

"Mtakaa au mtapita?"

"Tutakaa, mama. Mpaka utuchoke."

"Mimi huchoka haraka," alisema Bi Mwamvita. Akapanda, akajiweka vizuri karibu na dereva, akaangalia mbele. Lori lilipoanza kutikisika alitoa kichwa dirishani. "Mje na mablanketi yenu," alisema. "Upepo wa mlima wa kwetu hauna adabu."

Lori liliteremka kuelekea Katesh, Shumbana akilikimbiza mpaka kwenye mti wa mwisho wa barabara, mistari yake mipya ikimeremeta mafuta. Mwanaamina na Zubery walisimama mbele ya duka lao, bega karibu na bega, lakini mabega hayakugusana.

"Leo umenipendeza," alisema Mwanaamina, akiwa bado anaangalia barabara. "Lakini hasira yangu haijaisha."

Zubery alivuta pumzi. Mkewe aliona neno la mzaha likimjia, akaliona likifika midomoni, akaliona likirudi.

"Itaisha lini?"

"Sijui. Kaa hapo uingoje."

Zubery akaketi kwenye benchi. Baada ya muda Mwanaamina naye akaketi, upande wa pili, kisha akasogea.